Kikapu cha Shukrani

Somo letu linatoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo na atusikilize, kisha aisome baadaye.

Katika mlango huu Musa anawafundisha Waisraeli namna ya kushukuru watakapoingia katika nchi waliyoahidiwa. Kila mkulima atwae malimbuko ya shamba lake, ayatie kikapuni, ayapeleke mahali atakapopachagua Bwana. Kuhani atakipokea kikapu na kukiweka mbele ya madhabahu, ndipo mkulima aseme. Je, aseme nini? Haambiwi ataje ukubwa wa shamba lake wala jasho lake. Aambiwa asimulie habari za baba zake: jinsi mzee wao alivyokuwa mtu wa kutangatanga, jinsi walivyoonewa Misri, wakamlilia Bwana, naye akawasikia, akawatoa. Basi shukrani huanza kwa kukumbuka. Aliyesahau alikotolewa hawezi kushukuru; kila alicho nacho atakiona ni haki yake.

Lakini neno halikuishia madhabahuni. Mstari wa 12 wasema kwamba katika mwaka wa tatu zaka itolewe kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wapate kula na kushiba. Hao wanne walifanana kwa jambo moja: hawakuwa na shamba la kutegemea, au hawakuwa na mtu wa kuwalimia. Baada ya kuwapa, mkulima alitakiwa kusema mbele za Bwana kwamba sehemu iliyo takatifu ameiondoa nyumbani mwake. Tuyaangalie vema maneno hayo. Chakula cha mjane kikikaa katika ghala ya jirani yake si akiba. Ni amana ambayo haijamfikia mwenyewe.

Ndipo, katika mstari wa 15, mkulima anapoomba. Tena haombi baraka kwa ajili ya nyumba yake peke yake, bali kwa ajili ya watu wote wa Mungu na nchi yao. Huu ndio utaratibu wake: kukumbuka, kutoa, kuomba. Mara nyingi sisi huanza kwa kuomba, tukatoa kilichobaki, na kukumbuka tukakusahau kabisa.

Wapenzi, siku ya mavuno makanisani mwetu ni siku ya furaha. Huletwa mahindi, ndizi, mayai na kuku, na baada ya ibada mnada hufanyika uani kwa vicheko vingi. Ni vema. Lakini pengine yuko mama ambaye mvua ilimpita, naye siku hiyo hukaa nyumbani kwa kuona haya kuja na mikono mitupu. Ikiwa sikukuu yetu ya shukrani inamfungia mjane mlango, kikapu tumekileta, lakini yule aliyepaswa kufurahi pamoja nasi tumemwacha nje.

Basi akina mama, vijana na wazee wa kanisa na wamwendee kabla ya Jumapili hiyo. Wasimwulize ataleta nini. Wamchukulie unga, wamtengenezee paa linalovuja, wamlimie kishamba chake, kisha waje naye kanisani. Naye asidhani hana la kutoa. Mtume Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi kwamba maombi yao yaende pamoja na kushukuru (4:6). Mwenye ghala tupu naye aweza kuliombea kanisa zima.

Wale watumiao Kitabu cha Sala wataikumbuka sala ya shukrani iliyotiwa humo mwaka 1662. Humo twaomba kwamba shukrani yetu isiwe ya midomo tu, bali ionekane katika kumtumikia Mungu. Tukiisha kuisema Jumapili, Jumatatu na tutafute mlango wa kubisha hodi.

Tuombe. Ee Bwana, utukumbushe ulikotutoa. Utufundishe kuwapa wenzetu kilicho chao tungali na nafasi. Uibariki nchi yetu, mwenye mavuno na asiye nayo, katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.