Nguvu ya Mwanzo Usiotarajiwa: Uchanganuzi wa Mchezo wa Karpov na Miles, 1980

Utangulizi

Katika mji wa Timau, ulio kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru, Mmeru, Mkikuyu na mgeni wa kwingineko wanapoketi kucheza drafti kwa vifuniko vya soda, lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili. Wachezaji wazoefu husukuma kete za kwanza upesi, maana wanazijua kwa moyo. Atokeapo mtu akaanza kwa hatua ngeni, watazamaji humcheka. Makala haya yanachunguza swali linalozuka papo hapo: je, hatua inayochekwa yaweza vipi kumshinda bingwa? Mfano unaotumiwa unatokana na sataranji, mchezo ambao jina lake Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kikalipata kutoka Uajemi na Bara Hindi.

Usuli wa mchezo

Mwaka 1980, katika mji wa Skara nchini Sweden, yalifanyika mashindano ya timu za mataifa ya Ulaya. Anatoly Karpov wa Muungano wa Kisovieti, bingwa wa dunia tangu 1975, alikutana na Mwingereza Tony Miles. Karpov alicheza na kete nyeupe, na kwa hivyo alianza. Alimsogeza askari aliye mbele ya mfalme hadi e4. Askari ni kete ndogo za mstari wa mbele. Herufi hutaja safu ya ubao na tarakimu hutaja mstari.

Kwa kawaida, mweusi hujibu kwa kugombania miraba ya katikati, kwa sababu kete iliyo katikati hufika pande zote kwa urahisi. Miles hakufanya hivyo. Alimsogeza askari wa pembeni hatua moja tu, hadi a6. Karpov akaongeza askari wa pili katikati, d4. Miles akajibu kwa b5. Watazamaji walicheka. Ilionekana kana kwamba mchezaji asiyejua kanuni amewekwa mbele ya bingwa.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1868, jijini London, mchezaji wa kawaida aitwaye Baker alilitumia dhidi ya Wilhelm Steinitz, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia baadaye, akamshinda. Hata hivyo, Steinitz siku hiyo alikuwa akicheza na watu wengi kwa wakati mmoja. Hakuna aliyetarajia kuliona wazo hilo likitumiwa dhidi ya bingwa wa dunia katika mashindano makubwa.

Uchanganuzi

Hatua ya a6 ilikuwa na mantiki yake. Ilimtegemeza askari wa b5, naye akamfungulia njia askofu aliyekwenda b7. Kutoka hapo, askofu huyo aliutazama mraba wa e4 kwa mbali. Miles hakuiacha katikati, aliahirisha kuigombania. Katika hatua ya 6 alisukuma askari hadi c5. Karpov akamla, na askofu mwingine wa Miles akalipiza. Kwa mabadilishano hayo, Karpov alimtoa askari wake wa katikati akapata askari wa pembeni. Alipomsukuma askari aliyesalia hadi e5 ili kumfukuza farasi, farasi huyo aliruka hadi d5, katikati kabisa ya ubao.

Karpov alisifika kwa subira: kumbana mpinzani kidogo kidogo hadi akose pumzi. Hapa hatua zake zinaonyesha mwelekeo tofauti. Katika hatua ya 19 alimtuma farasi g5 kumtishia mfalme, akamrudisha askofu hadi b1, kisha katika hatua ya 23 akampeleka malkia d3, ili malkia na askofu waelekee pamoja mraba wa h7. Shambulio hilo lilikuwa na kasoro. Baada ya ngome mbili kubadilishana, malkia wa Miles alimla askari wa b2 huku akiitishia ngome iliyokuwa c1. Karpov alilazimika kuiondoa. Malkia yule yule akamla askari wa e5, nguzo ya shambulio. Karpov alijirudishia askari mmoja, d7, lakini malkia walipobadilishana katika hatua ya 28, Miles alibaki na askari mmoja zaidi na maaskofu wawili wenye uwanja mpana. Mchezo ulikwisha baada ya hatua ya 46, Karpov akiwa nyuma kwa askari wawili.

Ni dhahiri kuwa a6 haikumshinda Karpov kwa nguvu zake yenyewe. Mweupe akicheza kwa utulivu dhidi ya mwanzo huo, hubaki na nafasi nzuri zaidi. Kilichobadilika ni aina ya shindano. Katika mianzo iliyozoeleka, bingwa huwa na akiba kubwa ya hatua zilizotafitiwa nyumbani. Hatua ya kwanza ya Miles iliibatilisha akiba hiyo, na wote wawili wakalazimika kufikiri upya tangu mwanzo. Aidha, hatua inayoonekana kuwa kosa humshawishi mpinzani aamini kwamba ni lazima iadhibiwe, na anayetaka kuadhibu upesi huweza kushambulia kabla ya wakati.

Hitimisho

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mchezo wa Skara unaufafanua usemi huo. Kicheko si hoja. Hatua ngeni hukanushwa kwa hatua iliyo bora zaidi, na hatua hiyo sharti itafutwe kwa subira. Anayechekwa kwenye benchi la drafti huko Timau naye ana funzo lake: ugeni wa hatua utamfaa tu iwapo, kama Miles, amekwisha kufikiria atakachokifanya kicheko kitakapokoma.