Neno Moja Lililomnasa Gordon Jackson

Ulimi hauna mfupa. Gordon Jackson, mzaliwa wa Glasgow, Scotland, mwaka 1923, alichora michoro ya mitambo kiwandani Rolls-Royce kabla ya kuingia katika senema mwaka 1942. Nyota walikuwa wengine. Yeye aliukamilisha mchezo kwa sehemu ndogo.

Katika “The Great Escape” ya 1963, ndiye awaonyaye mateka wenziwe wasinaswe kwa Kiingereza watorokapo Wajerumani. Wapandapo basi, mpelelezi amtakia heri kwa Kiingereza. Naye, bila kufikiri, ashukuru kwa Kiingereza. Kwisha!

Kuanzia 1971 hadi 1975 alikuwa Hudson, mtumishi mkuu katika “Upstairs, Downstairs” ya televisheni. Alifariki mwaka 1990.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini huyu, ndugu msomaji, twamwambia.