Chokaa, si saruji, ndiyo kinga ya nyumba za kale Lamu

MUME na mke wanaonunua nyumba ya kale mjini Lamu ili kuigeuza kuwa nyumba ndogo ya wageni hukabiliwa na uamuzi mzito: chokaa au saruji?

Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo hunyonya unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, mawe yakamomonyoka na zidaka zenye nakshi zikabanduka.

Vyumba navyo ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Anayebomoa ukuta apate ukumbi mpana huhatarisha ghorofa nzima.

Mji huo uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001. Fundi wa chokaa aitwe kwanza; mapambo yatafuata.