Mashine Inayoandika na Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Wanafunzi wetu wa darasa la watu wazima, baadhi yenu mna watoto au wajukuu katika vyuo vikuu, kwa hiyo somo la leo linawahusu.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa programu ya kompyuta iitwayo ChatGPT. Programu za namna hii huitwa akili mnemba. Ukiiagiza insha ya kurasa kumi, huimaliza kabla chai yako haijapoa.

Je, hatari iko wapi? Sikilizeni kwa makini. Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, na kutokana na hayo hukisia neno gani lifuate jingine. Kukisia si kujua. Huweza kutaja kitabu, mwandishi na mwaka, kumbe kitabu hicho hakipo duniani.

Mwaka 2023, mjini New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani maandishi yaliyotaja kesi za zamani. Kesi hizo zilipotafutwa, hazikuonekana. Zilikuwa zimebuniwa na ChatGPT. Mawakili hao pamoja na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000. Ikiwa mawakili walinaswa, mwanafunzi je?

Hatari ya pili ni hii. Asiyejua kusoma humwendea mtu amwandikie barua. Barua hufika, lakini yeye hajifunzi hata herufi moja. Ninyi mnalijua jambo hilo, ndiyo maana mko darasani. Vivyo hivyo, mwanafunzi aandikiwaye insha na mashine hupata karatasi, hapati elimu. Tena, vyuo vikuu vingi huhesabu kuwa ni udanganyifu mtu kuleta kazi ya mashine kama yake.

Hatusemi mashine itupwe. Yaweza kumweleza mwanafunzi jambo gumu kwa maneno mepesi. Lakini inalosema lihakikishwe vitabuni, na insha aiandike mwenyewe.

Kijana wako akirudi likizo, mwulize maneno mawili: "Vitabu ulivyovitaja umeviona kwa macho yako? Nieleze insha yako kwa maneno yako mwenyewe." Kuuliza hivyo hakuhitaji digrii. Akishindwa kujibu, nyote wawili mtajua kwamba kazi bado haijafanywa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini mashine huweza kutaja kitabu kisichokuwapo?
2. Kuandikiwa na kujifunza kuandika kuna tofauti gani?