Je, Wajua? Taa ya betri ikiwaka, mkosaji huenda si betri

Taa nyekundu yenye alama ya betri ikiwaka gari likitembea, inaonya kuwa mfumo wa chaji una hitilafu. Betri yenyewe inaweza kuwa nzima.

Huko Olbalbal, Ngorongoro, bonde ambako maji ya Korongo la Oldupai huishia, vumbi laini la majivu ya volkano linaweza kupenya alteneta, mtambo unaochaji betri, na kumaliza kaboni zake mapema. Mtikisiko wa barabara nao hulegeza nyaya.

Pima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6; injini ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4. Zisipopanda, alteneta haichaji. Zikipita 15, kagua kidhibiti cha volti.

Katika magari mengi ya zamani, balbu ya taa hiyo hupitisha umeme unaoiamsha alteneta. Ikiungua, chaji inaweza kukosekana kimyakimya. Hivyo hakikisha inawaka ukifungua swichi na kuzimika injini ikishawaka.

Usichomoe terminali ya betri injini ikiunguruma: volti zikiruka ghafla huweza kuunguza daiodi na kompyuta ya gari. Fenibelti, mkanda unaozungusha alteneta, ikikatika, simama, maana injini inaweza kuchemka. Ikiwa fenibelti ni nzima, zima redio na kiyoyozi, usizime injini, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme; ukiwa Olbalbal, mjini Karatu.