Programu Haina Malipo, Fundi Je?

Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi nchini Kenya ana nambari ya tarakimu 10. Tano za kwanza ni za kituo alikoandikishwa, kama zilivyo kwenye orodha kuu ya vituo vya afya ya wizara. Tano zinazofuata ni zake mwenyewe. Iwe ni Bahati, Jericho, Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, karani anapaswa kuitaja kwa sauti ya chini, maana benchi la wanaosubiri haliko mbali na dirisha.

Nambari hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa na KenyaEMR, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, siku inapowekwa kwenye kompyuta mpya: kituo chenu ni kipi, na tuanze kuhesabu wagonjwa kutoka wapi? Fundi asiyejua jibu la swali la pili aende kwanza kabatini akahesabu kadi. Akibahatisha, mgonjwa mpya atapewa nambari ambayo tayari imo kwenye kadi ya mtu mwingine.

KenyaEMR haikushushwa kutoka mbinguni. Mizizi yake iko Mosoriot, kwa Wanandi, ambako mwaka 2001 kituo cha afya kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta kwa Microsoft Access. Wagonjwa wa AMPATH, mpango wa tiba ya ukimwi kule Eldoret, walipozidi kuongezeka, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, waliona mfumo ule utalemewa. Mwaka 2004 wakaanza kuchora mwingine, wakishirikiana na wenzao wa Partners In Health na wa Afrika Kusini. Huo ndio OpenMRS, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuubadilisha bila kulipa leseni. Ulianza kazi Eldoret mwaka 2006. Kuanzia 2012, Wizara ya Afya na washirika wake, ikiwemo I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington, waliijenga KenyaEMR juu yake.

Ujanja wake uko kwenye hifadhidata. Mwanafunzi wa kompyuta akiambiwa atengeneze mfumo wa zahanati, mara nyingi atachora jedwali lenye safu ya uzito, safu ya joto, safu ya shinikizo la damu. Wizara ikiongeza swali moja kwenye fomu, inabidi jedwali livunjwe. OpenMRS huandika kama mwenye duka la mtaani anavyoandika daftari la madeni: mstari mmoja, nani, nini, kiasi gani, lini. Hiyo "nini" hutoka kwenye kamusi ya dhana iliyo kando. Swali jipya likija, unaongeza neno kwenye kamusi na majedwali yanabaki yalivyo. Ndiyo sababu mfumo ulioanza na ukimwi umeweza kubeba kifua kikuu na kliniki ya akina mama wajawazito bila kubomolewa.

Kuuweka si kazi ya kutisha. Kompyuta ya mezani yenye Ubuntu inatosha kuwa seva. Unaweka Java, kisha MySQL, kisha Tomcat. Faili moja, openmrs.war, unaitia kwenye folda ya webapps, na Tomcat huifungua yenyewe. Unaingia kwenye kivinjari, unaandika anwani ya mashine ikifuatwa na 8080/openmrs, na maswali yanaanza: hifadhidata ipo au itengenezwe, nywila yake ni ipi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu zisizo na fahari yoyote. Tomcat imeachiwa kumbukumbu ndogo ikazimia, au MySQL imekataa kumeza kamusi kwa mkupuo mpaka kiwango cha mzigo kiongezwe kwenye faili ya mipangilio. Kisha kuna mlango ambao mafundi husahau kuufunga: mtumiaji wa kwanza huitwa admin, na nywila yake, Admin123, imeandikwa kwenye mwongozo unaosomwa dunia nzima. Kwa mfumo unaoshika majina ya watu na hali zao za virusi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuiacha hivyo ni kuwaanika wagonjwa.

Baada ya hapo, kompyuta nyingine za kituo huunganishwa na seva kwa waya au kwa Wi-Fi ya ndani. Intaneti ya nje si lazima, jambo la maana mahali ambapo bando huisha katikati ya mwezi. Stima ndiyo lazima. UPS ikianza kulia, mtu awepo wa kuizima seva kwa utaratibu, maana hifadhidata iliyokatwa ikiandika inaweza kuharibika.

Mtu huyo ndiye kiini cha makala haya. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, makarani wa data na wataalamu wa mifumo waliolipwa kupitia miradi ya misaada hiyo waliambiwa warudi nyumbani. Kuna kliniki zilizorudi kwenye karatasi. Leseni ya OpenMRS haikuguswa, na hakuna aliyekuja kudai programu yake. Kilichoondoka ni ujuzi wa kuwasha, kurekebisha na kuhifadhi nakala, kwa kuwa haukuwahi kuandikwa kwenye bajeti ya kaunti. Tulipewa uhuru wa kuufungua msimbo, tukaacha wengine wawalipe walioufungua.

Kazi yenyewe si nyingi. Kila jioni itolewe nakala ya hifadhidata kwa amri ya mysqldump, iwekwe kwenye diski iliyofungwa kwa nywila na isiyolala chumba kimoja na seva. Mara moja kwa mwezi nakala irudishwe kwenye kompyuta nyingine ionekane kama inafunguka, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Nywila ya msimamizi ijulikane na watumishi wawili wa kaunti, si na mtu wa mradi peke yake. Eastlands haikosi vijana waliosomea kompyuta wanaoshinda wakitengeneza simu. Kaunti ingeajiri mmoja kwa kila eneobunge: Makadara, Kamukunji na Embakasi zote tano. Hao ni watu saba.