Kemo si kulala tu: mazoezi mepesi kwa mama anayetibiwa saratani ya matiti

Mama anaporudi nyumbani kutoka kwenye dripu ya kemo, jamaa zake humwambia kwa mapenzi: "Wewe lala, usiguse chochote." Kwa siku mbili tatu za kwanza huo ni ushauri mzuri. Ukiendelea wiki baada ya wiki, unaweza kumwongezea uchovu. Misuli isiyotumika hulegea, usingizi wa usiku hupotea na mawazo huzidi. Wengine hukata tamaa na kuacha matibabu katikati, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Makala haya yanaeleza jinsi yoga nyepesi inavyoweza kumsaidia mgonjwa kustahimili matibabu hadi mwisho.

Kwa nini kemo huchosha

Dawa za kemo husambaa kwa njia ya damu na kushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni za aina hiyo. Lakini pia ziko seli za nywele, za utando wa mdomo na tumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele hukatika, chakula hakipandi na damu hupungua. Dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki mbili au tatu, ili mwili upate nafasi ya kujijenga.

Yoga inasaidia nini?

Yoga ilianzia India. Ni kujinyoosha polepole, kupumua kwa utaratibu na kutuliza mawazo. Mwaka wa 2018, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliidhinisha mwongozo unaotaja yoga miongoni mwa njia za kupunguza wasiwasi na msongo wa mawazo kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Mazoezi mepesi pia hupunguza uchovu. Lakini yoga haiui saratani. Ni msaidizi wa dawa, si mbadala wake.

Wakazi wengine huuliza: je, hii si ibada? Ni kweli yoga ina mizizi katika dini za India, lakini mazoezi yanayozungumziwa hapa ni ya viungo na pumzi pekee. Hayana dua wala wimbo. Asiyependa jina hilo anaweza kuyaita kujinyoosha, na akayafanya nyumbani akiwa na dera na mtandio wake.

Jinsi ya kuanza

1. Keti kwenye kiti imara, nyayo zikigusa sakafu. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, kisha itoe polepole ukihesabu hadi tano. Rudia mara tano.
2. Inua mabega kuelekea masikioni, kisha yashushe. Rudia mara tano.
3. Inua mikono mbele polepole, ukiishia kabla ya maumivu. Aliyefanyiwa upasuaji amuulize daktari kwanza.
4. Nyoosha mguu mmoja mbele, vuta vidole kuelekea kwako, kisha badilisha mguu.
5. Maliza kwa kulala chali kwenye mkeka, mto ukiwa chini ya magoti, kwa dakika tano.

Dakika kumi zatosha. Ukiwa na nguvu, tembea kidogo asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku ambayo mwili umekataa, fanya zoezi la pumzi peke yake.

Mambo ya kuzingatia

- Zungumza kwanza na daktari au muuguzi wako, hasa kama saratani imefika kwenye mifupa, una shida ya moyo, au umeambiwa damu iko chini.
- Dawa nyingine hutia ganzi nyayo na vidole. Fanya mazoezi ukiwa umeketi, au simama karibu na ukuta.
- Usiinamishe kichwa chini, usijipinde kwa nguvu, wala usifanye mazoezi kwenye chumba chenye joto kali.
- Kinga ya mwili kwa kawaida hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo jiepushe na mikusanyiko, na utumie mkeka wako mwenyewe.
- Acha mara moja ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi ikikatika.
- Joto la mwili likifika nyuzi 38, usimeze dawa ya homa ukangoja kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na useme kwamba uko kwenye kemo.

Kwa familia

Mgonjwa hahitaji kusukumwa, anahitaji mwenzake. Msindikizeni kliniki, mhesabieni tarehe za dripu, na mhakikishe usajili wake wa SHA uko sawa kabla ya siku ya matibabu. Akitumia dawa za mitishamba, daktari aambiwe, kwani nyingine hugongana na kemo.

Na badala ya kumwambia alale, siku moja mwambieni: "Mama, twende tutembee kidogo hadi pale mwembeni, tukichoka turudi."